Kadi Kumi na Moja za Mzee Solomon

Adelphi, Maryland
3 Mei 2024

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini goti limepata nafuu na mvua imewafikia huko Litein. Mimi ni mzima, ila miguu imechoka, maana wiki hii nimefanya shifti mbili mbili.

Yule mzee niliyekuwa nikimtunza Hyattsville, Mzee Solomon, dereva wa basi mstaafu, tulimzika mwezi wa tatu. Nilimwogesha na kumlisha kwa miaka mitatu. Juzi binti yake, Audrey, aliniita akanipa sanduku la viatu. "Baba aliandika jina lako juu," akasema. Ndani mna kadi za besiboli, zile karatasi ngumu zenye picha za wachezaji, alizokusanya tangu utotoni. Baba, huku kuna watu wanaonunua kadi moja kwa bei ya ng'ombe wa maziwa.

Nilizipeleka kwa muuzaji mmoja Manassas, anaitwa Fahmi. Alichagua kumi na moja, nyingine akasema niwagawie watoto. Moja ya mwaka 1955 aliishika pembeni kama mtu anayeshika kifaranga. "Ilivyo sasa nitakupa dola mia mbili," akasema. "Ikipata gredi nzuri, labda elfu sita."

Gredi hutolewa na kampuni. Wanaikagua kadi kwa lenzi, wanaipa namba hadi kumi, kisha wanaifungia ndani ya plastiki ngumu. Lakini ada yake! Kadi za kawaida ni dola ishirini na tano kila moja, na ile kubwa mia tatu, kwa sababu ada hupanda kadiri kadi inavyodhaniwa kuwa na thamani. Ukiongeza posta na bima, inafika mia sita na arobaini.

Hizo ndizo nilizoweka za nauli, nije Agosti tumwekee Mama jiwe la kaburi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Binti yako,
Chepkirui


Litein
12 Mei 2024

Kwa binti yangu Chepkirui,

Salamu nyingi. Goti linasumbua asubuhi tu, mchana linanisahau. Mvua ipo. Barua hii Chepngetich wa jirani ataipiga picha akutumie, maana mimi na zile herufi ndogo za simu hatuelewani.

Umeuliza mtu anayeijua kazi hiyo. Miaka ishirini na minane nilisimama kwenye kituo cha majani chai nikikagua vikapu vya watu. Majani mawili na chipukizi, chukua. Yaliyokomaa, rudisha. Siku moja nilimrudishia mama yako mbele ya foleni nzima. Akabeba kikapu chake hadi nyumbani, akapika, akanipakulia, na hakunisemesha siku tatu. Majani yalikuwa yamekomaa kweli, lakini siku ile sijawahi kuisahau.

Hata hivyo, sisi hatukumtoza mtu pesa kwa kumkatalia. Je, hao wa huko wanalipwa hata wakikataa? Uliza hilo kwanza. Kisha peleka ile moja tu, na kama ni kwa pesa ya nauli, acha kabisa. Ukoo umepanga tarehe kumi Agosti na fundi amechukua arbuni.

Kula vizuri.

Baba yako


Adelphi, Maryland
28 Julai 2024

Kwa Baba,

Salamu. Natumaini u mzima. Najua sijajibu barua yako tangu Mei, na najua ulimtuma Chepngetich mara mbili aniulize kama naumwa. Siumwi. Barua yako iliponifikia nilikuwa nimeshazituma zote kumi na moja. Fahmi alisema foleni ya kampuni inazidi kurefuka, nikaingiwa na pupa.

Zilirudi Jumanne. Katika zile kumi ndogo, tisa zimepata nne na tano, moja tu sita. Fahmi amezichukua zote kumi kwa dola mia moja na themanini. Ile kubwa haikupewa namba. Wameandika kwamba ukingo wake umekatwa. Na ada, Baba, wamechukua yote.

Nauli haitoshi. Nimejaribu kila njia. Nilikaa ndani ya gari nikalia mpaka mlinzi wa maegesho akaja kugonga kioo.

Jana nilimpelekea Audrey ile kadi, nikitaka tu kumuuliza kama baba yake alijua. Aliitazama, akaketi palepale kwenye ngazi za nyumba.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi. Nilitaka kumpa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Nikaikata kwa kile kikatio cha karatasi cha shuleni ili itoshe kwenye fremu."

"Akakuchapa?"

"Alisema sasa ndiyo imekaa vizuri. Akaiweka juu ya redio, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa."

Audrey na baba yake hawakuwa wakisemezana kwa miaka saba kabla hajaugua. Aliniambia hivyo huku akifuta kioo cha miwani kwa gauni. Kisha akauliza, "Kwa nini alikupa wewe, asinipe mimi?" Nilimwachia kadi. Alitoa kitabu cha hundi anilipe ile ada yote nami nikakataa. Sijui kama ni ujinga. Nilishindwa tu kupokea.

Waambie wazee wanisamehe. Fanyeni bila mimi.

Binti yako,
Chepkirui


Litein
4 Agosti 2024

Chepkirui mama,

Sisi tuko salama. Barua yako Chepngetich alinisomea kwa sauti, nikamwambia arudie pale pa ngazi.

Pesa imeenda, basi. Usilie tena garini, watu watadhani umefukuzwa kazi. Na ile hundi, sikufichi, mimi ningeipokea. Mama yako angeikataa kama ulivyofanya, kisha angenikasirikia mimi kwa kuifikiria.

Jana niliita ukoo hapa nyumbani, nikawaambia jiwe halitawekwa Agosti. Baba yako mdogo Cheruiyot alifoka. Wageni wamealikwa, mchungaji ameandikiwa, fundi ataongeza bei. Nikamwacha amalize. Nikamuuliza, "Mwenye kaburi alizaa watoto wangapi?" Akasema mmoja. "Na huyo mmoja yuko wapi?" Akavaa kofia, akaondoka bila kunywa chai. Leo baada ya ibada amekuja kuuliza kama turubai bado litahitajika.

Tumesogeza hadi tarehe ishirini na moja Desemba. Kama Desemba nauli itakuwa bado, tutasogeza hadi Pasaka. Mama yako hana haraka. Mwenye haraka ya kukuona ni mimi, lakini mimi nitangoja. Usiongeze shifti.

Baba yako