Mazishi Niliyoyaandika Kabla Hayajafanyika

Jumatano, wiki ya pili ya Mei. Mvua imeanza saa nane badala ya saa tisa, ikanifungia hapa dukani na mashine ya fotokopi isiyo na wino. Hakuna mteja. Ni mimi na mawazo nisiyoyataka.

Nimekasirika. Wacha niseme hivyo mapema, nisije nikajifanya nina huzuni ya kistaarabu. Nimejikasirikia mimi mwenyewe, na kidogo nimemkasirikia marehemu Mwalimu Ambunya, Mungu amlaze pema, ambaye hawezi tena kujitetea.

Kwa asiyejua, Kengele lilikuwa gazeti letu la kila wiki hapa Kakamega. Kurasa nane, picha nyeusi kama masizi, bei ya mkate nusu. Mwalimu Ambunya aliacha chaki akalianzisha, nami nikaingia pale nikiwa nimetoka tu kidato cha nne. Nilipiga taipu, niliandika habari, nilichemsha chai. Tulidumu miaka mingi, mpaka simu zilipoanza kubeba habari mifukoni mwa watu. Gazeti lililotangaza vifo vya kila mtu lilikufa bila tangazo.

Mwaka huu mkutubi wa maktaba yetu aliniomba niandike historia ya Kengele iwe kijitabu. Nilifurahi kupita kiasi. Mjane wa Mwalimu, ambaye sote tunamwita Mama Mwalimu, alifurahi kuliko mimi. Kila Jumapili hunipigia simu: "Umefika wapi na kitabu ya Mzee? Mimi ninazeeka, harakisha."

Sentensi ya kwanza ya kijitabu niliiandika hivi: Kengele halikuwahi kuchapisha jambo ambalo halikulishuhudia. Nilimsomea Mama Mwalimu kwenye simu, akalia. Nami nikalia, kwa utamu wa maneno yangu.

Uongo mtupu.

Nieleze. Gazeti lilichapwa Kisumu. Kurasa ziliondoka hapa Alhamisi alfajiri, magazeti yakarudi Jumamosi jioni, na Jumapili yakauzwa milangoni mwa makanisa. Sasa, huku kwetu watu huzikwa lini? Jumamosi. Na familia yoyote iliyofiwa ilitaka kujisoma Jumapili ile ile, wageni wa Nairobi wakiwa bado wapo, sio wiki iliyofuata wakati hema limeshakunjwa na watu wameanza kugombania sufuria.

Mwalimu akapata dawa. Familia ilituletea programu ya mazishi Jumatano, nami nikaketi kwenye taipureta nikaandika mazishi ya Jumamosi kana kwamba yamekwisha. "Mamia ya waombolezaji walifurika jana." "Mjane alitupa udongo wa kwanza kwa uchungu." Nilikuwa hodari kweli kweli. Nilijua hata kuweka mawingu.

Nilipomuuliza Mwalimu kama hilo ni sawa, alinijibu, "Maiti haibadilishi mpango." Tulicheka. Mara moja mochari ilikataa kuutoa mwili kwa sababu ya karatasi fulani, na marehemu akazikwa wiki mbili baadaye. Watu wa mjini walitutania hadi tukakoma: eti Kengele limemzika mtu kabla ya familia yake. Hata hilo tulilicheka. Kwenye kijitabu nilikuwa nimepanga kuliacha nje.

Jana asubuhi aliingia hapa dukani mwanamke wa makamo, viatu vyake vina tope jekundu. Alinisalimu "Mulembe," akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa, kama mtu aliyetoka mbali. Alisema anaitwa Nekesa, anatoka Mautuma, na mkutubi ndiye aliyemwelekeza kwangu. Kisha akatoa kwenye mfuko wa plastiki karatasi iliyotolewa fotokopi, akaiweka kwenye kaunta.

Niliijua kabla sijaisoma. Ukurasa wa sita, ule tuliouita Wametutangulia.

Ilikuwa habari ya mazishi ya baba yake, Mzee Makokha wa Ekero, mkulima wa miwa. Mzee alikuwa na wake wawili. Wa kwanza, Bi. Felista, alikaa Ekero. Wa pili, Anjelina, mama yake Nekesa, alikaa Mautuma kwenye shamba alilolinunua mzee kule Lugari. Lakini habari ilisema: "Mjane wake, Bi. Felista, na watoto wao saba walimsindikiza marehemu katika safari yake ya mwisho." Mjane mmoja. Watoto saba. Nekesa na ndugu zake wawili hawamo.

Sasa Anjelina amefariki, na nyumba ya Ekero inataka kuliuza shamba la Mautuma. Wanasema Anjelina alikuwa mtu wa kulima tu, aliwekwa pale kutunza mahindi. Ijumaa hii wote wanakutana kwa naibu wa chifu wa Ekero, ili aandike barua ya kuwataja warithi wa mzee. Mahakama huanzia kwenye barua hiyo. Na ndugu zake wanakwenda pale na ukurasa wangu. Wameupiga laminesheni.

"Wanasemanga hata gazeti ilisema," Nekesa aliniambia. "Na sisi tulikuwa hapo, mama. Mama yangu alisimama kwa kaburi. Wewe ndiye uliandika. Ulituona ama hukutuona?"

Mimi, mwanamke mzima, mwenye wajukuu, mzee wa kanisa, nilisema nini?

Nilisema ni zamani sana. Nilisema sikumbuki vizuri, wakati huo tulikuwa na mazishi mengi. Nikajifanya kutafuta miwani. Nekesa aliniangalia tu, akakunja karatasi yake polepole, akaniachia namba ya simu na kuondoka. Hata chai sikumpa.

Nakumbuka vizuri mno. Nilikumbuka mara tu nilipoiona ile karatasi. Aliyeleta programu alikuwa kijana mkubwa wa Bi. Felista, amevaa koti la suti na kandambili. Programu ilikuwa na mjane mmoja na watoto saba, nami niliwahamisha kutoka karatasi yake hadi karatasi yangu, nikaongeza machozi na mawingu. Jumamosi ya mazishi sikukanyaga Ekero. Nilikuwa nyumbani nafua.

Usiku kucha nimebishana na nafsi yangu, na nafsi yangu ni wakili mzuri. Inasema: hukumfuta mtu, uliandika ulicholetewa. Inasema: ukifungua kinywa Ijumaa, kila familia yenye ugomvi kutoka Lumakanda hadi Ekero itakuja kukuuliza na yao. Inasema: utamvua nguo Mwalimu akiwa kaburini, na mjane wake akiwa hai. Hilo la mwisho ndilo linaloniumiza. Yule mama amebakiwa na vitu viwili, shinikizo la damu na jina la mumewe.

Leo asubuhi niliteremsha magombo, yaani matoleo ya Kengele yaliyojalidiwa, kutoka juu ya kabati, nikafungua ukurasa wa sita, wiki baada ya wiki. Nilikuwa natafuta mazishi niliyohudhuria kweli. Nilimpata mjomba wangu. Nilimpata kasisi mmoja, kwa sababu alizikwa Jumanne. Nikayafunga magombo.

Ni wangapi wengine wamesimama kaburini kwa baba zao, kisha wakajikosa Jumapili?

Saa nne nilimpigia Mama Mwalimu. Nilimweleza yote, haraka haraka, kabla sijaogopa. Nilisikia kuku wake nyuma. Halafu akasema, "Alikuwa anajua itakuja siku moja. Mimi nilikuwa namwambia." Hakulia. Hakunipa baraka wala laana. Alikata simu, na sijui kama atapokea nikimpigia Jumapili.

Nikaifuta ile sentensi ya kwanza ya kijitabu. Haikuchukua hata sekunde moja, na ilikuwa imenichukua wiki nzima kuipata.

Kisha nikampigia Nekesa. Nikamwambia: mwanangu, sikuwaona kwa sababu sikuwepo. Niliandika Jumatano, mtu akazikwa Jumamosi. Ninayo magombo yenye tarehe ambayo kiwanda cha Kisumu kilipokea kurasa, na nitakuja Ijumaa niseme mbele ya naibu wa chifu na mbele ya ndugu zako kwamba ule ukurasa haukuona kitu.

Nilidhani atashukuru. Nakiri, nilikuwa nimeshajiandaa kushukuriwa.

Badala yake akaniuliza, "Kwa hivyo yule msichana wa kitambaa ya kijani hakuwa wewe?"

Nilimwambia sijawahi kuwa na kitambaa cha kijani maishani mwangu.

Ndipo akanieleza. Siku ya mazishi, msichana mmoja mwenye kitambaa cha kijani alikuwa amesimama karibu na kaburi akiandika kwenye daftari. Mama yake Nekesa alimwendea akamtajia jina lake, Anjelina, mke wa pili, akamtajia na watoto wake watatu, mmoja mmoja, na yule msichana akaandika. Pengine alikuwa karani wa ukoo. Pengine alikuwa anaandika waliotoa hotuba. Anjelina aliamini ndiye mwandishi wa Kengele. Jumapili alinunua gazeti baada ya misa, akampa Nekesa amsomee mbele ya majirani. Nekesa alikuwa darasa la tano. Alisoma mpaka mwisho, mama akamwambia arudie, labda ameruka mstari.

"Tangu hiyo siku alijua ulimwona, ukamsikia, na ukaamua kumuacha," Nekesa alisema. "Alikuwa anakuombeanga kila Jumapili. Alikuwa anasema, Mungu samehe yule msichana wa gazeti, labda walimtisha."

Nilisema tu, pole mwanangu, pole, nikasikia sauti yangu inavyosikika kijinga. Akasema, "Haya mama, tuonane Ijumaa," kwa adabu, kama mtu anayemalizana na mhudumu wa benki.

Mvua haijaacha. Nimekaa hapa na gombo mapajani, nimelifunga kwa nailoni lisilowe njiani.

Miaka yote hiyo mwanamke mmoja kule Mautuma aliniombea msamaha kwa kosa ambalo sikulifanya. Kwa hili nililolifanya hakuna aliyeniombea, kwa sababu hakuna aliyelijua.

Keshokutwa nitakwenda Ekero, nilitaje mwenyewe.