Milioni Moja na Moja

Jumatano

Inagawanyika. Leo nimejaribu mwenyewe ubaoni: 1,000,001 ni 101 mara 9,901, bila baki. Na mimi miaka yote nimewafundisha Kidato cha Pili kwamba ni namba tasa.

Editha aliniambia, miaka mitatu iliyopita. Mtoto wa wakulima wa Kasense, mkimya. Alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, hiyo inagawanyika kwa 101." Sikuikagua. Nilimwambia aache kujifanya anajua, darasa zima likacheka. Hakuuliza kitu tena kwenye kipindi changu. Kidato cha Nne akafeli hisabati.

Baada ya vipindi nilikwenda Milanzi, kwenye kibanda anachoshonea nguo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Editha, ile milioni moja na moja, ulikuwa sahihi. Nisamehe sana."

Alisimamisha cherehani. "Siku ile nilirudia hesabu nyumbani mara nne, mwalimu. Kila mara jibu lilikuwa lilelile. Nikasema, kama mwalimu amekataa, basi mimi ndiye sijui kugawanya."

Aliniletea kiti. Nilishindwa kukaa.