Hamish wa Jumapili

Shangazi Dilys mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa maana nimekwisha! Nina miaka ishirini na mbili, niko Barnsley hapa Uingereza, misuli yangu ni dhaifu tangu utotoni, natembelea kiti cha magurudumu na naishi kwa posho ya ulemavu ya serikali, siku mbaya hata kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili. Jumapili mchana najitolea kwenye redio ya hospitali, napiga nyimbo wanazoomba wagonjwa, na Shangazi, yale masaa mawili ndiyo wiki yangu nzima! Sasa mama yangu mdogo, Maureen, alilazwa hospitali hiyohiyo kufanyiwa upasuaji wa goti, akanisikia, akanipigia simu palepale: "We Lyndon, una akili kweli? Ofisi ya posho wakikusikia unavyobwabwaja hivyo watasema huyu mzima, akatafute kazi! Utakula hiyo maiki?" Nikaogopa, lakini kuacha nikashindwa, basi Jumapili iliyofuata nikajiita Hamish, nikaanza kuongea kwa lafudhi ya Kiskoti, mimi ambaye Scotland sijaikanyaga hata kwa bahati mbaya, na balaa ni kwamba wagonjwa wamempenda Hamish kuliko walivyonipenda mimi! Halafu wodi ya wazee kuna Mzee Farquhar, Mskoti wa kweli, hana mgeni hata mmoja, kila wiki anaomba nyimbo za kwao, na sasa muuguzi kaniletea ujumbe wake: "Mwambie Hamish Ijumaa natoka, nataka nimshike mkono huyo kijana wa nyumbani." Nikienda, siri imetoka na posho imekwenda nayo. Nisipokwenda, namvunja moyo mzee wa watu. Nimefikiria hata kusema sauti imekauka. Nifanyeje?

Lyndon, Barnsley

*

Lyndon, kwanza pumua. Nimecheka mpaka chai imenitokea puani, nisamehe. Lakini mjinga wewe! Redio yenyewe inasikika vitandani tu. Hao wa ofisi ya posho unadhani wamelazwa wodi gani?

Sikiliza. Kujitolea si kosa, na hakuna anayefutiwa posho kwa sababu tu kampigia mgonjwa wimbo. Watu wa redio wakikurudishia nauli, huo si mshahara, tunza tu risiti. Kinachowaponza watu ni kujificha. Ofisi ya posho wakija kugundua umebadili jina na sauti, nani ataamini kuwa ulikuwa mwoga tu? Kesho asubuhi wapigie wewe mwenyewe. Waambie unafanya nini, masaa mangapi, nani anakusukuma mpaka studio, na Jumatatu yake unaamkaje. Usijitie uzima, usijitie ugonjwa. Mkuu wa redio naye akuandikie barua yenye maneno hayohayo. Wakikuzungusha, washauri wa bure wapo mjini kwenu, nenda na Maureen. Mdomo kama ule usiachwe nyumbani.

Na Ijumaa uende, unanisikia? Chana nywele, beba biskuti za siagi, umwambie kwa sauti yako ya Barnsley, "Mzee, mimi naitwa Lyndon." Unaogopa atashtuka? Mwanangu, huyo kazaliwa kulekule Scotland, na kila Jumapili amelala pale akikusikia unavyoichinja lafudhi ya kwao. Alikujua tangu salamu ya kwanza. Na bado anataka kukushika mkono.