Kikombe cha Mgeni

Na hicho kikombe pia nilikichukua, Mama Wawira, usidhani nilikisahau kwa haraka za harusi. Binti yako alinipa siku tuliyokuwa tukikunja mahema. Alikuwa amekifunga kwa leso yako ya kijani, akaniambia, "Makena, Mama alisema hiki ni chako ukishapata mlango wako." Sasa ninao mlango, Mama. Ni wa rangi ya samawati, hapa mtaa wa Dallas mjini, na dirisha la jikoni linatazama mlima asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Na nina mume! Acha niandike tena: mume. Mume wangu Njiru. Kalamu yenyewe inacheka.

Ungemwona. Kila asubuhi ananipashia maji ya kuoga kabla hajaenda ofisini, halafu anabisha mlango wa chumba chetu wenyewe kama mgeni: "Hodi kwa Bibi Njiru!" Jioni nikisikia funguo zake getini, moyo unaruka vilevile kama ile Alhamisi uliyoninong'oneza katikati ya maombi, "Huyo kijana ameshika Biblia juu chini tangu uingie." Nilicheka mpaka Maitu akafungua jicho moja kunitazama. Maitu, mama yake, ambaye sasa ni mama mkwe wangu. Yeye ndiye sababu ya barua hii.

Nilitaka nikuandikie furaha tupu. Kila nikianza, mkono unasimama. Kuna kitu kimeingia katika ushirika wetu wa Manyatta, Mama, na sina mwingine wa kumweleza kama wewe.

Unakumbuka ulivyotuzoesha. Kila Alhamisi nyumba mpya, kwa zamu, kila mtu na chochote alicho nacho: nduma, ndizi, muthere, ile githeri yetu ya Kimeru uliyosema ina mahindi magumu kama meno yangu. Mlango unabaki wazi hata mvua ikirushia ndani. Na chai inamiminwa vikombe sawa na watu, kisha kimoja zaidi, hiki hiki, kinawekwa kwenye kigoda karibu na mlango kwa yeyote atakayepita. Siku moja aliingia mlevi, akainywa, akaimba na sisi pambio mpaka mwisho, akalala kwenye gunia la viazi. Ukasema, "Ameshafika kanisani, mwacheni." Hata mimi nilifika hivyo. Msichana wa Kanyakine aliyemaliza kidato cha nne, nauza dawa za mifugo kwa duka la watu, mvua imenikamata na sijui mtu. Niliona mlango wazi. Mlinipa kikombe hiki, na hamkuniuliza dhehebu langu.

Na koo lako lilipoanza kukataa chakula, tulikuja kwa zamu zilezile. Tulikuchumia kahawa mpaka tawi la mwisho. Wengine walifua, wengine walikuimbia, na Maitu alikukorogea uji wa wimbi mwepesi, akakulisha kijiko kwa kijiko, akikugombeza, "Meza, wewe! Unafikiri nimeacha ng'ombe wangu nije kutazama uso wako?" Ukacheka, uji ukamwagika, akakupangusa. Nilijifunza hapo ninavyotaka kuishi.

Baada ya mazishi yako alikuja Mtumishi. Jina lake silijui hata leo, anataka tumwite hivyo tu. Na jambo linalonitia baridi ni hili: alipita kwenye mlango wako huohuo. Alikuwa mpita njia. Tulimpa chai ya mgeni, akaimaliza, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kama ameketi mahali pa mtu. Tukamwambia mwenye mahali hapo tumemzika. Akaketi vizuri zaidi.

Kila jambo lilikuja na sababu yake ndogo nzuri. Alisema baridi inawadhuru wazee, tukafunga mlango. Alisema macho ya njiani yanapoteza utulivu, tukashusha mapazia. Simu zikaanza kuwekwa ndani ya karai, karai likafunikwa kitambaa. Halafu siku moja alikishika kikombe chako, akakirudisha kabatini mwenyewe. "Chai ya watakatifu haiwekwi mlangoni kama ya paka," alisema. Watu walicheka kidogo. Baadaye hawakucheka tena kwa lolote. Akaanza kufundisha juu ya dawa, kwamba anayemeza kidonge anamwambia Mungu asije. Na Alhamisi moja alisema ulikufa kwa sababu ulikuwa na mguu mmoja hospitalini na mwingine kwenye maombi. Nilimtazama Maitu, yeye aliyekulisha. Aliinamisha kichwa, Mama, na nikaona kwamba ameamini.

Unajua sukari yake. Unajua jinsi anavyobeba vidonge vyake kwenye kona ya kitenge. Sasa kitenge hakina fundo.

Zamu yetu ikafika. Alhamisi yangu ya kwanza kama mke! Nilipanga vitambaa vyote vya zawadi, nikaponda mukimo, nikavaa ile gauni ya maua ambayo Njiru hawezi kuitazama bila kusahau alichokuwa anasema. Nilimimina chai, kisha nikatoa kikombe chako kwenye leso, nikakijaza, nikakiweka kwenye kigoda. Na mlango nikauacha wazi.

Mtumishi alisimama. "Bibi harusi. Mlango."

Yeye mwenyewe ndiye anayetufundisha kila wiki kwamba mke amtii mumewe, kwa hiyo nikamjibu kwa adabu, "Mtumishi, mume wangu amesema ukae wazi."

Njiru hakuwa amesema neno. Alikohoa. Nyumba yote ikamgeukia. Akatazama kikombe, akanitazama mimi. "Ndiyo," akasema, "nimesema." Oh, Mama Wawira, ningeolewa naye mara ya pili palepale!

Waliimba hata hivyo, wameupa mlango migongo. Maitu alikuwa amefunga tangu Jumatatu. Katikati ya maombi alianza kutetemeka. Jasho likamtoka mpaka kola ikalowa, na maneno yake yakaanza kuteleza, yakagongana, yakawa hayana mwanzo wala mwisho. Mtumishi akainua mkono. "Msimguse! Ananena kwa lugha!" Wote wakapandisha sauti. Waliokuwa wakilia walilia kwa furaha. Na hawa si watu wabaya, Mama. Ni walewale waliochuma kahawa yako. Hata Njiru, mwanawe, alikuwa amefumba macho, anashukuru. Mimi nikaona mkono wa Maitu ukitafuta ukingo wa meza na kuukosa, ukitafuta tena na kuukosa, na nikawa sijui kama ninamwona Mungu au ninaona mtu akifa.

Mama Zuhura, mke wa mchinjaji wa hapa chini, alikuwa anapita kunirudishia sufuria. Kama mlango ungekuwa umefungwa, angeiacha kwenye ngazi.

"Huyo mama ako na sukari?" aliuliza kutoka nje.

Wakazidi kuimba.

"Nauliza, ako na sukari? Mbona mnamwimbia?"

"Anayo!" Nilipiga kelele, na sauti yangu ikanishtua.

Alivua kandambili kwanza, Mama, unaamini? Katikati ya hayo yote alivua kandambili ndipo akaingia. Akapita katikati ya watakatifu kama anayepita sokoni, akachukua kikombe cha kwenye kigoda, akaongeza sukari vijiko bila kuhesabu, akamshika Maitu kidevu. "Meza, mama. Kidogo. Meza tena. Mama mkwe wangu alitufanyia haya haya Ramadhani, kumbe amefunga na vidonge anakunywa kwa siri, sukari ikamshuka."

Meza. Neno lilelile Maitu alilokuambia. Taratibu mikono ya Maitu ikatulia. Macho yake yakarudi kutoka kule yalikokuwa, yakashuka kwenye kikombe, na jambo la kwanza alilosema kwa maneno kamili ni, "Hiki ni cha Mama Wawira."

Njiru alilia. Mtumishi alichukua Biblia yake. "Mmezima kazi ya Roho kwa chai," akasema, kwa upole, na upole huo ndio ninaousikia mpaka leo. Wakainuka wote. Walinipita mlangoni mmoja baada ya mwingine bila kunishika mkono. Mukimo ulibaki kwenye sufuria, haukuguswa. Baba Zuhura alileta pikapu yake ya kubebea nyama, tukampeleka Maitu hospitali. Huko ndiko alikokiri kwa daktari kwamba Mama Zuhura alikuwa amekisia sawa. Vidonge alikuwa anavificha kwenye debe la mahindi, anavimeza alfajiri, kisha anakwenda kufunga. Alimwogopa Mtumishi na aliogopa kufa, akajaribu kuzitii hofu zote mbili.

Ungefikiri hadithi imeishia hapo. Mimi nilifikiri.

Mtumishi na watu wake wamepata shamba huko chini Mbeere, mbali na barabara, mahali simu hazishiki. Siku ya mwisho ya mwezi huu lori litawachukua wakafunge na kuomba mpaka mbingu ijibu. Hakuna anayejua jibu litachukua muda gani. Kila mtu abebe blanketi moja. Dawa zisionekane. Watoto pia wanakwenda. Njiru alienda kwa chifu, naye akasema atatuma mtu akaangalie. Tumeenda tena, akatujibu atatuma mtu. Niliwapigia wale dada tuliokuwa tukiimba sauti ya pili pamoja, simu zao zimezimwa. Nadhani karai sasa linakaa na simu siku zote.

Jumapili tulikwenda Manyatta kumwona Maitu. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, na mlango wake ulikuwa umefungwa. Maisha yake yote mlango huo haujafungwa mchana. Ndani, kwenye kigoda, palikuwa na blanketi lililofuliwa na kukunjwa pembe kwa pembe. Njiru aliliona nami nikaliona. Alimuuliza, "Maitu, umerudia dawa?" Akamjibu, "Nitafikiria." Njiru akaanza kumsihi, na kadiri alivyosihi ndivyo uso wa Maitu ulivyozidi kujifunga, mpaka nikamshika mume wangu mkono akanyamaza. Usiku huo aliniuliza, "Ni mama yangu, Makena. Nimfungie kama mbuzi?" Nilimkumbatia tu. Hivi ndivyo ndoa yangu mpya ilivyo, Mama: tamu mpaka naogopa, na woga umeketi mezani nasi.

Lakini kabla hatujaondoka kwake, nilijikuta nasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Sikumkataza kwenda Mbeere. Nilimwambia tu, "Maitu, utaondoka bila kumuaga Mama Wawira?"

Alichochea moto muda mrefu. Moshi ulikuwa mwingi kwa sababu ya ule mlango.

"Hapana," akasema. "Hiyo haitakuwa vizuri."

Kisha akainuka, akafungua mlango kidogo, upana wa mkono, akasema ni kwa ajili ya moshi.

Basi ninakuletea yeye. Najua huwezi kuinuka pale tulipokuzika chini ya makadamia ukamgombeza kama alivyokugombeza. Sikuombi hilo. Nataka aketi karibu nawe tu, akumbuke kijiko, na jinsi ulivyocheka uji ukamwagika, na kwamba hakuna hata siku moja uliyomfungia mtu mlango ili umpende Mungu. Mama Zuhura ameomba aje nasi, na Njiru ameomba ruhusa ofisini. Tutaketi mpaka chai iishe, na ikiisha nitaongeza.

Lala salama, mama uliyenipa kikombe. Hapa kwangu mlango utabaki wazi, nakuahidi, hata wakija waliotoka bila kunishika mkono, hasa wakija hao. Na kabla mwezi haujaisha, kabla lori hilo halijawashwa, tutafika kwako. Chai nitabeba mimi. Maitu nimemwambia abebe blanketi lake. Tutalitandika juu ya nyasi tulikalie.

Makena wako