Salamu za Kisigino

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii imekukuta u mzima, wewe na wifi yangu na wote waliomo humo ndani, na kwamba moshi wa kuchomelea umekiacha kifua chako kipumue. Mimi sijambo. Goti langu huamka kabla yangu kila asubuhi na kunung'unika, lakini likishapewa chai linatembea. Habari za macho nitakupa mbele kidogo.

Juu ya bahasha nimeandika "Maoni kuhusu gemu", na nimefanya hivyo kwa makusudi. Binti yako ameniambia kwamba tangu nilipokujibu kuwa sitarudi kuishi huko, barua zangu zote umezitia bila kuzifungua kwenye kopo la vijiti vya kuchomelea, na kwamba hata wifi akifagia karakana kopo hilo haruhusiwi kulisogeza. Amesema pia kwamba karatasi yoyote inayozungumzia gemu huiachi ipite. Basi nimetia chambo anachokipenda samaki. Ninachotaka nakisema mapema ili usinione mjanja: nataka tuongee tena, mimi na wewe, tungali wote wawili tuna midomo ya kuongelea. Mengine yote humu ni gemu.

Usicheke. Mkwe wangu alinunua mashine ya michezo, ile kubwa ya kuunganisha na televisheni, akaiweka sebuleni kwa starehe yake. Mimi nilikuwa nimeshastaafu kule kiwandani kwenye kushona na kufunga vitabu, na vidole vyangu havikujua la kufanya. Nilianza kwa kumwangalia, nikaendelea kwa kumkosoa, nikaishia kumnyang'anya pedi ya kuchezea. Siku hizi anasubiri zamu nyumbani kwake mwenyewe. Mwanangu humtania kwamba amenunua ng'ombe akanyimwa maziwa.

Kwa maoni yangu, gemu bora kuliko zote bado ni ile ya matofali yanayoanguka, iliyokuwa kwenye kidude cha mkononi tulichonunua kwa wauza mitumba mwaka wetu wa kwanza wa ugenini, tulipokaa mimi na wewe chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta, kabla wewe hujarudi nyumbani. Kioo kilikuwa na ufa, na tofali likipita pale lilipotea kidogo, tukalazimika kukisia. Naipenda kwa sababu haidanganyi. Haikuahidi ushindi. Inakuahidi tu kwamba ukipanga vizuri utachelewa kushindwa. Nimesoma vitabu vingi, vingine nimevishona kwa mkono wangu, na ni vichache vilivyolisema jambo hilo waziwazi hivyo. Wewe ulikuwa na tabia ya kuacha pengo upande mmoja ukingojea lile tofali refu, na lilipokuja ulikuwa umeshafukiwa. Nilikukanya, ukaniambia niangalie zamu yangu.

Gemu ya kilimo nina ugomvi nayo. Naicheza kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya zahanati. Mkulima wake haumwi mgongo, mbegu humwotea kabla hajanawa mikono, na jirani akipewa jiwe lenye kung'aa humpenda maisha. Mimi jirani yangu nimempa miaka ya heshima na bado anamwaga maji machafu mlangoni pangu. Hata hivyo siiachi, kwa sababu mvua ya mle ndani imetengenezwa na mtu aliyewahi kukaa chini ya bati akaisikiliza.

Ile ya shujaa mwenye upanga ndiyo mkwe wangu huisifu kupita kiasi. Nakubali kwamba milima yake inapendeza na kwamba ukiona kilele unaweza kweli kukifikia, jambo ambalo gemu nyingi huahidi tu. Lakini huyo shujaa anaingia nyumba za watu bila hodi, anavunja mitungi yao, anachukua kilichomo na kutoka bila kwaheri, na mwenye nyumba amesimama palepale anamweleza habari za pango. Nilimwuliza mkwe wangu kama shujaa huyu ana mama. Akasema mama yake haonyeshwi. Nikamwambia inaonekana.

Za magari sizitaki. Ajali bila jeraha inamfundisha mtu ujinga.

Gemu nzuri naipima kama nilivyokuwa nikipima kitabu kilichotoka mezani kwangu. Kilichoshonwa sawasawa ukikifungua hulala chenyewe, huna haja ya kukikandamiza kwa kiwiko. Gemu ya namna hiyo haikutumii maelezo kila hatua. Mkono unajua pa kwenda. Na kwa kipimo hicho, ya pili kwa ubora ni ya mpira wa miguu. Mwamuzi wake ni mpofu kama wa kweli, watangazaji wanarudia maneno yaleyale kama wazee wa ukoo, na mchezaji ukimkimbiza sana anachoka na kukuaibisha. Hapa naona kalamu inaanza kuwa nzito.

Binti yako ndiye aliyeniambia jina unalotumia ukicheza mtandaoni. Fundi Moto. Usimgombeze, ni shangazi yake aliyemwamuru, na ulimlea mwenyewe asikatae amri ya shangazi. Nilijiandikisha nikajiita Kisigino, nikakutafuta.

Ndiyo, mdogo wangu. Yule Kisigino.

Nilidhani utanitambua siku ya kwanza. Nilipokufunga bao la kisigino ulileta ujumbe kwamba maziwa hayajanikauka mdomoni na tayari najifanya fundi. Nikangoja nione utafika wapi. Mechi iliyofuata ulikataa kuanzisha mpira. Ukaandika kwamba watoto wa siku hizi wanaingia uwanjani kama mbuzi, bila salamu, na kwamba mpaka upewe shikamoo yako mpira hautasogea. Nilikaa na pedi mapajani. Mkwe wangu akauliza kama mashine imeharibika. Mimi niliyekubeba mgongoni, niliyekufuta kamasi kwa upindo wa kanga yangu, nikaandika: shikamoo. Ukajibu marahaba, tena ukaongeza "mwanangu".

Tangu siku hiyo nimekuamkia kila Jumamosi. Umenishauri ninyoe nywele. Umenishauri niache kulala mchana, nitafute ufundi wa mikono, na nioe mapema kabla ujeuri haujakomaa. Ulipoomba tuongee kwa sauti nilisema kipaza sauti changu kimekufa, nacho kilikuwa kizima. Niliogopa kwamba ukinisikia utazima mashine kama ulivyofunga kopo, na mimi nitabaki hata bila kutukanwa nawe. Nilijiambia heshima kupinduka si kitu, bora tuwe uwanja mmoja.

Sasa habari za macho. Nilifanyiwa upasuaji, jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto. Daktari, kijana mpole mwenye mikono baridi, alinikataza skrini yoyote mpaka aniruhusu. Yamepona, naandika hivi bila miwani. Lakini Jumamosi kadhaa zilipita Kisigino hayupo, na sikuwa na njia ya kukuaga bila kujitaja. Niliporuhusiwa nikawasha mashine, nikakuta ujumbe wako mmoja juu ya mwingine. Wa kwanza ulisema nimeogopa kipigo. Uliofuata ulisema hata mwoga huaga. Halafu ukauliza kama naumwa, na kama ninaye mtu wa kunipikia uji. Wa mwisho nimeusoma mpaka mwanangu akaja kuzima televisheni. Ulisema: "Nilikuwa na dada aliyenizoesha kungoja. Nilimjengea chumba, akasema haji. Kama na wewe huji, kijana, niambie, nisikae hapa kila Jumamosi kama mjinga."

Ndiyo maana naandika. Jibu langu la kutorudi silijutii. Mume wangu amezikwa huku, mwanangu anafanya kazi huku, na mimi nimeota mizizi mahali ambapo sikujipanda. Uliposikia sirudi, ulisikia kwamba sikutaki. Hayo ni mambo mawili. Ningeweza kuingia Jumamosi hii nikakuandikia shikamoo kama kawaida, nikasema nilikuwa na mafua, nawe ungenisamehe na kunishauri nivae sweta. Ungemsamehe Kisigino. Mimi ningebaki kwenye kopo.

Mpe wifi yangu salamu nyingi na umwambie namwonea huruma kwa kuishi na mtu mwenye kichwa kigumu, ingawa najua kichwa hicho kilitoka nyumba gani. Mbusu binti yako. Mwanangu anakusalimu, mjomba wake, na mkwe wangu anasema mkianza kuongea tena huenda na yeye akapata zamu.

Jumamosi jioni, saa yetu ileile, nitaingia uwanjani kwa jina lilelile. Safari hii sitaandika neno. Kati yetu wawili, mdogo ni wewe, na mpira hautasogea mpaka nimepata shikamoo yangu. Marahaba ninayo tayari.

Ni mimi,
Dada yako mkubwa