Ile Si Hina, Baba Mwanaisha

Mume wangu Baba Mwanaisha,

Marehemu hasemwi vibaya, najua. Basi mimi sikusemi, nakwambia mwenyewe. Mungu akulaze pema, na akishakulaza akugeuze kidogo unisikilize, maana ulipokuwa hai hukunisikiliza hata mara moja juu ya mambo ya mawaridi.

Unakumbuka siku ulipouleta ule mwaridi? Uliupakia nyuma ya baiskeli kutoka Diani, kwenye hoteli uliyokuwa ukitunza bustani yake, mizizi umeifunga kwa gunia bichi. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, ukaniita nje kwa kelele, nikadhani umeniletea mbuzi. Bosi wako alikuwa amekuamuru uung'oe ukauchome. Wewe ukaona ni ujinga wa wenye pesa kuchoma kitu kizima. Nikayatazama majani. Yalikuwa na mistari ya manjano iliyokwenda upogo upogo, na mengine yana mapete. Nikauliza, "Mbona kama unaumwa?" Ukacheka. "Unaumwa wapi? Hiyo ni hina, mke wangu. Umepakwa hina kama bibi harusi."

Ungekuwa na ulimi mchungu tungenusurika. Mtaa mzima wa hapa kwetu Msambweni ukalishika neno lako, nawe kila binti aliyeolewa ukampelekea, siku ya kupakwa hina, mche wa "mwaridi wa hina" kwenye kopo la samli, akaupande kwa mumewe. Ulikata jicho la mwaridi wetu, kile kichipukizi cha kwenye kijiti, ukalipachika kwenye mche wa mwaridi pori, ukafunga nailoni, ukapiga bismillahi. Mkono wako ulikuwa mwepesi, sikunyimi haki yako. Kuna mche wako hadi Bongwe, na mwingine ulivuka maji ukaenda Funzi na mwari wake.

Lakini kila kipupwe mistari ilirudi, na kila mwaka maua yalipungua na kuwa madogo. Ukamwagia jivu. Ukamwagia maji ya sabuni, ukaponda mwarobaini mpaka nyumba nzima ikanuka. Likija jua la kaskazi majani yanatoka kijani, nawe unaniita, "Njoo uone, umepona!" Kipupwe kinarudi, na mistari hiyo. Nikifungua mdomo tu unanuna, unakula wali wangu bila kunisemesha. Ni mimi niliyeupaka manjano?

Sasa sikiliza. Mwanaisha anaolewa. Ndiyo, mwanao, anakwenda Tiwi. Kipupwe hiki nilipoona mistari imetokea tena nikasema yatosha, nikachuma majani matatu nikampelekea afisa wa kilimo. Ni msichana wa bara, lakini ana adabu. "Shikamoo, mama," akaniamkia, kisha akayageuza majani mara moja tu. "Hivi ni virusi, mama. Havina dawa. Joto huficha dalili, ndiyo mkafikiri umepona."

Nikamuuliza ni wadudu gani waliovileta. Akasema ugonjwa huu wa mawaridi zaidi huenezwa na mkono wa mtu. Ukikata jicho au kijiti kwenye mti mgonjwa ukakipandikiza, umeupeleka na ugonjwa wake, hata kama siku hiyo majani ni mazuri. "Kuna mtu aliyekuwa akipandikiza kutoka mti huu?" Nikainama nikatazama viatu vyangu. Miaka yote hiyo ulikuwa ukigawa maradhi kwa bismillahi!

Alisema mwaridi wenyewe unaweza kubaki, uendelee kumwagiliwa na kutiwa samadi, mradi asiukate mtu kwa ajili ya kupanda. Asiukate mtu? Hapa? Nilipita nyumba baada ya nyumba kueleza. Bi Mwanamisi, jirani yetu, akaniambia, "Virusi ni vya watu. Maua yana virusi gani? Sema tu roho imekuwa nzito tangu mzee aondoke." Kesho yake asubuhi nikamkuta uani kwangu na kisu, anamkatia mjukuu wake.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini nilipokaa na Mwanaisha kumweleza, akainuka, akarudi na kopo. Alikuwa amekwisha kupandikiza wake, na jicho limeshika. Nailoni ameifunga kwa mtindo wako, kutoka chini kwenda juu, fundo limefichwa. Sikujua kuwa ulimfundisha.

"Usiniambie niung'oe, mama," akasema. "Kila bibi harusi wa mtaa huu ana mwaridi wa baba. Mimi ndiye nisiwe nao?"

Wallahi, saa ile ningeweza ningekufufua nikugombeze, kisha nikurudishe. Uliniachia mimi neno hilo la kumwambia mwanao. Nusura nimwache auchukue. Mche mmoja tu, Tiwi, nani angejua? Lakini huyu ni mwanao. Angepanda mmoja, mwakani angekata macho kumi awagawie mawifi na majirani, na mkono wake ni mwepesi kama wako, yote yangeshika. Nikamwambia hapana. Akalia, nami nikalia, kisha nikakasirika kwa kuwa nilikuwa nalia.

Tuliing'oa Ijumaa baada ya alasiri, wako na wake, tukafukua mizizi yote tukachoma. Ule moshi ulinikaa kooni siku mbili. Bi Mwanamisi alisimama kwenye ua akatazama, na safari hii hakuja na kisu. Jumatatu tukaenda kwenye kitalu kimoja Bongwe. Nilikagua miche jani kwa jani, juu na chini, mpaka mwenye kitalu akaniuliza kama nanunua ua au natafuta mchumba. Tukachagua mwekundu, majani safi, na Mwanaisha akakata jicho la huo mwekundu akalipachika kwenye mche mpya wa mwaridi pori.

Sikuombi radhi kwa kuuchoma mwaridi wako. Wewe ndiye unayedaiwa radhi, na wengi, nami ninaendelea kukuombea kwao mlango kwa mlango. Pumzika, mume wangu, ukiweza kupumzika nikiwa nakusema hivi.

Jana, baada ya wiki kadhaa, tulifungua nailoni. Limeshika, Baba Mwanaisha. Jani la kwanza limetoka kijani kitupu, halina mstari hata mmoja, na mtoto akageuka nyuma kutafuta mtu wa kumwonyesha, na nyuma yake nilikuwapo mimi peke yangu.

Mkeo,
Mama Mwanaisha