Ulikomea Ukurasa wa Sitini na Moja

Mama Nafula,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya mashauriano marefu na pande zote zinazohusika, natangaza rasmi kwamba mlango wa saiba yako, kile chumba chako cha kuchapia, sasa unafunga. Ndiyo, ule ule tuliokuwa tukiuzuia kwa kiti. Fundi alikuja, akaung'oa, akaupiga randa upande wa chini, akaurudisha. Kazi ya robo saa. Wewe ulikaa pale miaka na miaka ukipigwa na baridi ya Eldoret miguuni, soksi mbili mbili, ukituambia mlango ni wa mwenye nyumba na mwenye nyumba ni wa Mungu.

Mengine yaliyobadilika ni machache. Kwenye meza yako anakaa Chebet, msichana wa Kesses mwenye kucha ndefu na kasi ya kutisha. Mimi bado ni soja wa mchana kwenye geti la ghala la mahindi. Bado naandika nyuma ya fomu za malori zilizokwisha kazi. Na ile hadithi ya Selina, mjane aliyekataa kuuza trekta ya marehemu mumewe, ilikuwa bado haijaisha. Uliniachia kwenye ukurasa wa sitini na moja, na ndiyo sababu nakuandikia.

Niseme kwanza vile tulivyofanya kazi, maana siku ya mazishi hakuna aliyesema. Kule kwenu Kimilili walisoma kwamba ulichapa barua za kazi na mikataba ya mashamba, na kwamba ulikuwa nguzo ya kwaya. Sawa. Lakini hawakujua kwamba ulikuwa msomaji wangu wa kwanza, na kwamba hukuwahi kunipa maoni hata siku moja. Nilikuletea kurasa za mkono, ukachapa. Ukifika mahali usipoamini, unaacha. Huchori mstari, huweki alama. Unabana kibanio cha nguo pale pale na kunirudishia bunda lote.

"Hapa mkono umekataa, Barasa."

Nikikuuliza umekataa nini, unasema, "Mkono hauongei."

Basi narudi kwenye geti nikitafuta kosa. Mara moja tu ulinionea huruma. Selina alikuwa ametoka hospitali ya Plateau saa nane mchana akafika Soy kwa miguu kabla ya chai ya jioni. Ulivua miwani ukaniuliza, "Huyu mama ana miguu ama ana mabawa?" Mimi sikusoma sana, unajua, niliachia darasa la saba. Lakini nilijifunza zaidi kwa kile kibanio kuliko kwa fimbo za walimu wote walionipitia.

Sasa, ukurasa wa sitini na moja. Niliandika: *Selina aliweka mkono kwenye usukani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, akacheka.* Wewe ulichapa: *Selina aliweka mkono kwenye usukani, na.* Basi. Siku iliyofuata ukalazwa. Wiki ya tatu tukakuzika. Bunda nililetewa na Nafula, binti yako, ndani ya mfuko wa plastiki, kibanio kikiwa kimeanguka chini kabisa kati ya karatasi. Kwa hivyo hata chenyewe hakikunisaidia.

Nikabaki na swali ambalo mtu hawezi kusimama nalo matangani. Ulikoma kwa sababu sentensi ilikuwa mbaya, ama ulikoma kwa sababu ulikuwa unaumwa?

Utacheka, lakini niliomba sentensi iwe mbaya. Kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi lako. Ulikuwa unachapa polepole, unasimama, unashika tumbo, unaendelea. Na mimi, mwandishi mkubwa wa nyuma ya fomu, nikakuambia, "Mama, harakisha kidogo, zamu yangu inaanza." Kama sentensi ilikuwa mbaya, basi uliacha kazi kwa hiari yako, ukanidharau kidogo moyoni kama kawaida, na hakuna neno. Kama haikuwa mbaya...

Nikaona dawa ni kupata msomaji mwingine. Asome tangu mwanzo, asiambiwe kitu, nione atakwama wapi. Akikwama sitini na moja, nimepona.

Nilianza na Chebet. Kosa langu. Chebet hakwami popote. Alichapa kila kitu alichokiona, mbele na nyuma ya fomu, kwa hivyo sura ya mapenzi sasa inasema: *Selina alimtazama yule mwanamume kwa muda mrefu, magunia mia mbili themanini, unyevu juu, dereva arudishwe.* Nilimuuliza kama hakuona kitu. Akasema, "Nilidhani ni mtindo wa sasa, anko." Nikampelekea shemeji yangu. Yeye alinitumia ujumbe wa pongezi kabla hajafungua bahasha.

Halafu nikamfikiria Mama Abdi. Unamkumbuka, yule wa duka la jumla mkabala na geti letu, aliyekuja kwako kuchapa barua ya kugombana na mwenye nyumba, ukaipunguza makali akakasirika akakuambia uyarudishe. Nikajua huyu hana haja ya kunifurahisha. Nilipompa bunda alilipima kwa mkono kama anayenunua nyama.

"Soja, mimi sisomi mambo ya uongo."

Nikamwambia si uongo wote, trekta ipo. Akaliweka kando ya mizani. Siku tatu likakaa pale likifunikwa na vumbi la unga. Siku ya nne mvua ikanyesha, wateja wakakatika, nikaona amevuta kiti.

Mama Nafula, sijawahi kulinda geti vibaya kama siku hiyo. Nilikuwa namsoma msomaji. Kutoka upande wangu wa barabara sikuona maneno, lakini niliona bunda la kulia likipungua na la kushoto likikua. Mara akainua kichwa akapiga kelele kuvuka barabara, "Huyu mama auze hiyo chuma, bwana! Kwani ni mtoto wake?" Mara nyingine, "Soja! Mume alikufa na nini?" Sikujibu. Wewe hukuwahi kunijibu, nami nikafuata sera ya ofisi.

Karatasi ya sitini na moja nilikuwa nimeipaka wino mwekundu kwenye kona, alama kubwa, ili niione nikiwa mbali. Ikafika. Alilamba kidole. Akasoma. Lori lilikuwa linanipigia honi nami sikusikia. Akageuza. Hakusita, hata miwani hakuigusa. Akaendelea hadi sitini na mbili kama mtu anayepita mbele ya nyumba isiyomhusu.

Kwa hivyo sentensi ilikuwa nzima. Ni wewe uliyekuwa unaumwa.

Nilifungua geti. Niliandika namba ya lori. Dereva akaniuliza, "Mzee, uko sawa?" nikamwambia ni mvua. Nilikuwa nimesimama chini ya paa.

Nisamehe, Mama. Nilitaka uwe mkali mpaka mwisho ili mimi nisiwe mjinga. Ulikuwa unanivumilia tu, unachapa trekta yangu huku umeshika tumbo.

Kesho yake niliitwa ndani kuhesabu magunia na karani. Nilipotoka nikakuta bunda limerudi kwenye dirisha la geti, na katikati yake risiti ya unga imechomekwa. Ukurasa wa themanini na nane. Bila neno! Nikajua nimepata mkono mwingine unaokataa. Nikausoma ukurasa ule usiku na mchana, hadi nikaona: Selina anamhutubia shemeji yake mistari thelathini kuhusu Mungu na udongo, na shemeji ananyamaza kama hana kazi ya kufanya. Nikauchana. Nikaandika upya kuanzia pale hadi mwisho. Selina haongei tena. Anampa shemeji funguo na kwenda kuchuma kunde, na trekta inaondoka bila yeye kugeuka. Kila soja ana siku moja ya kujisifu, niruhusu hii: ni kurasa nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Rasimu imekwisha, Mama. Nimeimaliza.

Pumzisha huo mkono sasa. Kwaheri, na asante kwa vibanio vyote. Nakuahidi jambo moja: sitamwambia tena mtu anayenisomea aharakishe. Hata akikaa na bunda mwaka mzima kando ya mizani, nitakaa kwenye geti langu nikinyamaza.

Jana nilimpelekea Mama Abdi kurasa mpya, nikamuuliza ni nini hasa kilimfanya akome pale themanini na nane. Alisema lori la sukari lilikuwa limefika, na baada ya hapo akasahau kuendelea.